Oksijeni Haikosekani, Inakwama Njiani

Mazungumzo yetu ya leo ni ya pumzi, ila nitaanzia kwenye mchezo wa kompyuta. Kama una kijana nyumbani anayekesha mbele ya skrini, na ukimuuliza anafanya nini anakujibu kwamba anapanga mabomba ya hewa, usimfokee kwanza. Mwite akae nawe karibu na redio, maana huenda akanisahihisha.

Mchezo wenyewe unaitwa Oxygen Not Included. Umetengenezwa na kampuni ya Klei Entertainment ya Vancouver, Kanada, na ulitoka rasmi tarehe 30 Julai 2019, baada ya wachezaji kuupiga msasa kwa miaka kama miwili ukiwa bado haujakamilika. Jina lake linakuonya tangu dukani: oksijeni haimo, utaitafuta mwenyewe.

Unaanza na watu watatu ndani ya pango, tumboni mwa mwamba unaoelea angani. Hawakuzaliwa wala hawakuja kwa chombo. Wamechapwa na mashine, na mashine hiyo kila baada ya siku chache itakuuliza kama unataka kuchapiwa mwingine. Pango lina hewa kidogo, maji kidogo, na mwani wa kutosha kuanzia. Pande zote ni mawe, na nyuma ya mawe kuna mapango mengine yenye hewa za namna nyingine, baadhi yake hutapenda kukutana nazo. Kazi yako ni kuwaongoza watu hawa wachimbe, wale, walale, wajisaidie mahali panapostahili, na wasife kwa kukosa pumzi.

Mambo ya chakula yanaeleweka upesi. Ghala likipungua unaliona. Hewa ndiyo inayowashinda wengi, na inawashinda kwa njia ileile kila siku. Mchezaji mgeni akiona watu wake wanatweta, anaongeza mashine ya oksijeni. Wanaendelea kutweta. Anaongeza ya pili na ya tatu. Umeme unaelemewa, mwani unakwisha, na watu wanakufa chini wakati vyumba vya juu vimejaa oksijeni. Ukipekua baadaye unakuta hewa ilikuwepo tele, ila haikuwa na njia ya kuwafikia.

Hebu tuangalie gesi zinavyokaa humo ndani. Dunia ya mchezo imekatwa vipande vya mraba, na mraba mmoja hubeba gesi ya aina moja tu. Hakuna kuchanganyika. Pakiwa na oksijeni hapa, hewa ukaa haiingii mpaka mojawapo ipishe. Kisha nyepesi hupanda na nzito hushuka: haidrojeni darini, oksijeni chini yake, klorini chini ya hiyo, na hewa ukaa sakafuni kabisa. Na mgandamizo ni uzito tu. Mraba wenye kilo mbili za oksijeni una mgandamizo mkubwa kuliko wenye gramu mia tano, na gesi hujongea kutoka penye nyingi kwenda penye chache, taratibu sana, mpaka zikaribiane.

Neno "taratibu" lishike, msikilizaji, maana ndilo linaloua.

Kila mkazi huvuta gramu 100 za oksijeni kwa sekunde, na hutoa gramu 2 za hewa ukaa. Siku ya mchezo ina sekunde 600, kwa hiyo mtu mmoja anameza kilo 60 za oksijeni kwa siku na kurudisha kilo moja na gramu mia mbili za hewa ukaa. Kilo hamsini na kitu zinazobaki zimekwenda wapi? Hazijulikani, zimefutika. Mwanafunzi wa kidato cha pili atapiga kelele, na ana haki. Mtu wa kweli, mimi na wewe, kwa siku nzima ya saa 24 hutumia kama gramu 840 za oksijeni na kutoa kama kilo moja ya hewa ukaa. Watengenezaji wa mchezo wamempa mtu wao mapafu ya ng'ombe mia. Walikusudia. Wangeweka kipimo cha kweli, pango lile la mwanzo lingekutosha miezi na usingejifunza chochote.

Lakini angalia hicho kidogo kinachorudi. Kilo na ushei kwa mtu, mara watu kumi, ni kilo kumi na mbili kwa siku. Zikijipanga kilo mbili kwa kila mraba, zinajaza miraba sita. Huoni kitu siku ya kwanza. Hewa ukaa inateremka kwenye ngazi, inatafuta shimo la chini kabisa, inatulia. Na mchezaji mgeni, kwa kuwa aliona nafasi huko chini, amechimba bweni huko. Usiku mmoja watu wanaamka wakishika koo. Yeye anakimbilia kuongeza oksijeni juu! Oksijeni haiwezi kushuka, kwa sababu kila mraba wa chini tayari una mwenyewe.

Dawa yake ni shimo. Chimba shimo tupu chini ya makazi, weka sakafu ya vigae vyenye matundu ili hewa ipite, uiache hewa ukaa iende inakotaka kwenda. Wajanja huweka chakula chao humohumo, maana kwenye hewa ukaa vijidudu vya kuozesha havipati nafasi, na pakiongezwa baridi chakula hakiharibiki kabisa. Baadaye ukitaka kuiondoa, ipo mashine ya kuiosha kwa maji, nayo humeza gramu 300 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni pumzi ya watu 150. Mashine moja! Sijawahi kusikia makazi ya mchezo huu yaliyohitaji mashine mbili za kuosha hewa ukaa, lakini yaliyokufa kwa kuiweka moja ghorofa isiyokuwa na hewa ukaa ni mengi.

Sasa twende kwenye mashine za oksijeni zenyewe, maana hapo ndipo mgandamizo unapoonyesha ukali wake. Ile ya mwanzo hutumia mwani, gramu 550 kwa sekunde, na kutoa gramu 500 za oksijeni, yaani riziki ya watu watano. Inayofuata hupasua maji kwa umeme: kilo moja ya maji inaingia, zinatoka gramu 888 za oksijeni na gramu 112 za haidrojeni. Hapa watengenezaji hawakubahatisha. Huo ndio uwiano halisi wa maji yaliyomo kwenye glasi yako. Ila zote mbili zina tabia moja. Mgandamizo unaozizunguka ukifika kilo 1.8 kwa mraba, zinasimama. Hazijaharibika na hazijakosa umeme. Zimeona hapo zilipo pamejaa, basi zinapumzika.

Fikiria mtaa wenye tangi la maji mlimani. Nyumba za jirani na tangi bomba linafoka mpaka koki zinavuja, na za mwisho wa mtaa watu wanalala na ndoo tupu. Ukiongeza pampu kule kwenye tangi, wa mwisho hapati tone la ziada. Mashine kumi za oksijeni zikipangwa chumba kimoja ziko hivyohivyo. Ya kwanza inajaza chumba, na zile tisa zinakaa zimezima. Mchezaji mzoefu huzitawanya, au huzifungia kwenye chumba chao na kuvuta hewa kwa pampu na mabomba hadi inakohitajika. Bomba nalo lina mdomo wake: linatoa hewa mpaka mraba ulipo mdomo huo ufikie kilo mbili, halafu linafunga. Lipo tundu jingine, la nguvu zaidi, linalosukuma hadi kilo ishirini, lakini si la kuweka bwenini. Mgandamizo ukizidi kilo nne ngoma za masikio ya wakazi zinapasuka, wanakuwa na hasira, na mtu mwenye hasira katika mchezo huu anaweza kuvunja kile ulichojenga wiki nzima.

Nije kwenye mtego ninaoupenda kuliko yote. Kwa kuwa kupasua maji kunatoa haidrojeni, na haidrojeni inawasha jenereta, wachezaji waligundua mtambo unaojiendesha. Hesabu zake ni nzuri kuzitazama. Mashine ya kupasua maji inakula wati 120. Pampu mbili za kutoa ile kilo nzima ya gesi zinakula wati 480. Jumla 600. Jenereta hutoa wati 800 kwa kila gramu 100 za haidrojeni, na wewe unazo 112, kwa hiyo unapata karibu wati 896. Unabaki na ziada ya karibu wati mia tatu, na watu wanapumua. Mtambo unajilisha wenyewe na kukutumia chenji!

Usijaribu nyumbani. Katika dunia yetu, kupasua kilo moja ya maji kila sekunde kunadai kama megawati 16. Mchezo unatoza wati 120 kwa kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, ambako nako oksijeni hupatikana kwa kupasua maji, umeme wa kazi hiyo unatoka kwenye paneli za jua na hakuna anayeota chenji.

Lakini mtego sio umeme wa bure. Mtego ni huu. Mchezaji ameweka chujio kwenye bomba: haidrojeni iende kwa jenereta, oksijeni iende kwa watu. Mambo safi. Watu wamelala, taa zimezimwa, matumizi ya umeme yameshuka, na betri zinajaa. Kwa kuwa betri zimejaa, jenereta inazimwa isipoteze mafuta. Jenereta ikizima haili haidrojeni. Haidrojeni inarundikana kwenye bomba lake hadi kwenye mlango wa chujio. Chujio likipata punje ya haidrojeni ambayo halina pa kuipeleka linasimama, na nyuma yake zimepanga foleni punje za oksijeni zisizo na kosa lolote. Pampu zinasimama, chumba kinafika kilo 1.8, mashine ya kupasua maji inasimama nayo. Watu wanakosa hewa kwa sababu betri zimejaa.

Nimewahi kumsikia kijana mmoja akiapa kwamba mchezo una kasoro. Hauna. Kila chombo kimefanya kazi yake sawasawa, na kwa pamoja vimeua watu wake wanane. Kilichokosekana ni njia ya kutokea kwa kile usichokihitaji. Wale wa kituo cha angani wanalijua hilo: haidrojeni yao hutupwa nje kwenye utupu, au hukutanishwa na hewa ukaa wanayoitoa wanaanga ili kupata maji tena. Haiachwi ikae tu kwenye bomba ikisubiri kuhitajika. Katika mchezo, anayejua kazi huacha haidrojeni ipande yenyewe hadi darini, anaweka pampu yake kule juu yenye kihisi kinachoitambua gesi iliyopo, na pampu ya oksijeni anaiweka chini peke yake. Mstari mmoja ukiziba, mwingine haujali.

Na bado hujamaliza, kwa sababu oksijeni hiyo inatoka ikiwa na joto la nyuzi 70. Utaipeleka bwenini watu watashangilia, halafu baada ya siku chache mimea yako ya chakula, ambayo haivumilii zaidi ya nyuzi 30, inagoma kukua. Njaa iliyoletwa na hewa. Tuiache hiyo, ni kipindi kizima.

Kuna mahali mchezo unadanganya waziwazi na mimi ningependa vijana wajue. Klorini. Mchezo unaiweka juu ya hewa ukaa. Gesi ya klorini ya kweli ni nzito kuliko hewa ukaa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu ilipofunguliwa mitungi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, iliteremka kwenye mahandaki yenye askari. Kukaa chini hakukuwa kinga. Kadhalika, gesi za kweli huchanganyika. Hewa ya chumbani mwako haijajipanga tabaka kwa tabaka, vinginevyo sote tungelala tumekufa.

Isipokuwa mahali fulani, na mahali hapo si mbali. Kando ya Ziwa Kivu, maeneo ya Goma na Sake, hewa ukaa huvuja kutoka ardhini kwenye miamba ya volkano. Pasipo na upepo, hujikusanya mabondeni na mashimoni kabla haijapata muda wa kuchanganyika. Watu wa huko huyaita mazuku. Mbuzi anaingia kwenye bonde dogo, hatoki. Mtu mzima aliyesimama wima anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto, au mtu aliyeinama kuokota kuni, anaanguka. Kijana wa Goma akifungua mchezo huu na kuona hewa ukaa imetuama shimoni, hahitaji kuelezwa na mtu wa Vancouver.

Ziwa lenyewe ni darasa la mgandamizo. Vilindini mwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, na kinachozizuia huko ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana ukililinganisha na Kivu, lilifumuka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Hewa ukaa iliyotoka ilishuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Wanyarwanda wameamua kutosubiri. Mtambo wa KivuWatt huvuta maji ya kilindini kwa bomba. Maji yakipanda mgandamizo unapungua, gesi inatoka kwa mapovu, methani inatengwa na kuchomwa kutoa umeme, megawati 26. Kumbuka ile hesabu yetu ya megawati 16 kwa kilo ya maji. Mtambo huo mzima, kwa kazi ya kupasua maji, ungepasua chini ya kilo mbili kwa sekunde.

Turudi pangoni, kwenye milango. Mchezaji akivunja ukuta wa pango la jirani lenye matope ya ute, anakutana na oksijeni chafu yenye vijidudu vya kikohozi. Wengi hapo wanatafuta mlango mzuri. Mlango husaidia kidogo, ila kila mtu anapopita gesi inapenya naye. La kutazama kwanza ni kipimo cha pande mbili: kama makazi yako yana mgandamizo mkubwa kuliko pango lile, hewa yako ndiyo itakayotoka, kama ni mdogo, yao ndiyo itakayoingia. Hospitali zenye vyumba vya kuwatenga wagonjwa wa maradhi ya hewani hutumia kanuni hiyo kinyumenyume: chumba cha mgonjwa hufanywa kiwe na mgandamizo mdogo kuliko ukumbi, ili mlango ukifunguliwa hewa iingie ndani, isitoke. Nao ule ute huacha kutoa hewa chafu pale mgandamizo unaouzunguka ukipita kilo 1.8. Kwa hiyo mgandamizo uliokuzimia mashine chumbani unakuzibia uchafu huku.

Atakaye kufunga kabisa humwaga maji kidogo kwenye kona ya njia iliyopinda. Gesi haipenyi maji, mtu anapita. Analalamika miguu imelowa, lakini anapita.

Sasa kuna ubishi mmoja kati ya wachezaji, nao ndio nitakaokuachia hewani. Mdomo wa bomba hupima mgandamizo wa mraba wake tu. Ukiufunika kwa maji kidogo unadanganyika. Unaona maji, hauoni gesi, kwa hiyo unaendelea kusukuma bila kikomo. Na kwa kuwa gesi humu haipasui kuta hata iwe nzito namna gani, unaweza kurundika tani ishirini za oksijeni kwenye mraba mmoja. Wapo wanaosema huo ni wizi. Wapo wanaosema, kama mchezo unakuruhusu kufuta kilo hamsini na nane za oksijeni kwenye mapafu ya mtu mmoja kila siku, nao ukubali kuibiwa kidogo. Mimi niko na hawa wa pili, tena bila kuona haya.

Ila nimewaona hao wenye tani ishirini wakizikwa na watu wao vilevile. Bomba la kawaida la gesi hupitisha kilo moja kwa sekunde, liwe limeunganishwa na ghala lililofurika au na mashine moja chakavu. Kilo moja ni watu kumi. Wa kumi na moja anahitaji bomba la pili.